Ukiandika shule moja tu, unajifungia mlango mwenyewe

"Shikamoo mshauri. Mimi ni muuguzi. Tulihamia Uingereza mwaka jana kutoka Dar es Salaam na tumepanga nyumba Barking, mashariki mwa London. Mwanangu mkubwa yuko darasa la mwisho la msingi, Year 6, na Septemba mwakani anaingia sekondari. Mdogo wake alitimiza miaka mitatu mwezi wa tano, naye nasikia anaanza shule Septemba hiyo hiyo. Nimepata fomu ya halmashauri yenye nafasi sita za kuandika shule, na kila ninayemuuliza ananipa lake. Jirani, ambaye wanawe ni watu wazima sasa, anasema niandike moja tu, ile nzuri, wakiona sina nyingine watalazimika kunipa. Rafiki yangu wa kanisani anasema nitumie anwani yake kwa kuwa anakaa karibu na shule hiyo. Wifi yangu aliyeko Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, anasema tusipohamia mtaa wa wenye hela watoto wataharibika. Mume wangu anauliza haya yote ya nini, kwani si serikali ndiyo inayompangia mtoto shule? Mwisho wa fomu ni tarehe 31 Oktoba. Na je, viza yetu haitaleta shida? Naogopa kukosea."

Marahaba, dada. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kinachokuelemea ni ushauri wa nchi tatu na wa zama mbili, wote umerundikwa kwenye fomu moja. Jirani anakusimulia Uingereza ya miaka ishirini iliyopita, wifi anakusimulia Ohio, baba watoto anakusimulia TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia watoto shule kwetu Tanzania. Hakuna anayekudanganya, kila mmoja anasema kweli ya kwake. Shule za serikali kila nchi inazo, ila kinachoamua nani aingie wapi hubadilika ukivuka mpaka. Kwetu ni alama za mtihani. Ujerumani, katika majimbo mengi, mtoto akimaliza darasa la nne, maoni ya walimu wake yana uzito mkubwa katika kuamua aende Gymnasium, sekondari ya wanaoelekea chuo kikuu, au aina nyingine ya sekondari. Amsterdam, sekondari zilizozidiwa na waombaji huchezesha bahati nasibu. Ukishajua kinachoamua hapo ulipo, maneno ya watu yanajichuja yenyewe.

Nianze na viza, maana umeiweka mwisho lakini nadhani ndiyo inayokukosesha usingizi. Masomo ya shule ya serikali hayamo katika orodha ya "fedha za umma" ambazo mwenye viza huzuiwa kuzigusa. Shule hairuhusiwi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya uraia wake au hali yake ya uhamiaji. Hilo liweke pembeni. Angalia tu neno moja lisikuchanganye: hapa mtu akisema "public school" anataja shule za ada kubwa kama Eton. Za serikali huitwa "state school". Na Uingereza ninayoizungumzia ni England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Sasa baba watoto. Kwetu mtoto wa darasa la kwanza unamshika mkono, na cheti cha kuzaliwa mfukoni, mpaka shule ya jirani. Mwalimu mkuu anaandika jina, basi. Akimaliza mtihani wa darasa la saba, TAMISEMI inampangia. Wachache wenye alama za juu wanakwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala au Msalato. Walio wengi wanapangiwa sekondari ya kutwa ya kata. Mzazi anasubiri majina yatoke, kisha anahangaika na sare na madaftari. Mtu aliyelelewa katika utaratibu huo akiletewa fomu yenye nafasi sita anaona anasumbuliwa bure. Lakini hapa usipojaza, hakuna atakayekujazia. Wanapangwa kwanza waliojaza kwa wakati. Aliyechelewa anapewa kilichobaki, popote kilipo. Kenya nao wameingia kwenye kazi hii ya kuchagua: mwaka 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 walijaza shule 12 za sekondari ya juu kabla ya kuingia Gredi ya 10. Mwambie basi kwamba kupanga bado ni kazi ya serikali, ila hapa inapanga kwa kufuata karatasi uliyoijaza wewe.

Wifi yako naye ana sababu. Marekani imegawanywa katika wilaya za shule zipatazo 13,000, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya majengo ya wilaya husika. Nyumba zikiwa za bei, shule inapata hela. Mtaa ukichakaa, shule inachakaa nao. Huko huko Ohio, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1997 kwamba kuziendesha shule kwa kutegemea mno kodi hiyo kunavunja katiba ya jimbo, lakini mistari ya wilaya ingalipo. Zipo njia za pembeni, kama shule za charter, yaani shule za umma zinazojiendesha zenyewe, ambazo sheria yake ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, nazo waombaji wakizidi huchezesha bahati nasibu. Hata hivyo kwa familia nyingi za huko, kuchagua shule ni kuchagua nyumba.

Hapa hesabu ni nyingine. Fedha za shule hutoka serikali kuu kwa kanuni inayohesabu watoto na mahitaji yao, na tangu mwaka 2011 kuna nyongeza kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Shule ya mtaa wa wapangaji inaweza kupata zaidi kwa kila mtoto kuliko shule ya mtaa wa majumba ya kifahari. Kwa hiyo usihame Barking kwa hesabu za Columbus. Sitakwambia kwamba hela haina nafasi. Ipo, kwa mlango wa nyuma. Karibu na shule inayogombewa bei za nyumba hupanda, na mwenye uwezo ananunua ukaribu. Hilo ndilo wifi yako amelinusa, hata kama sababu aliyokupa si ya hapa.

Ushauri wa jirani ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu una sura ya ujanja, na sisi ugenini tunapenda ujanja. Nao una chimbuko. Zamani baadhi ya shule hapa ziliruhusiwa kuwatanguliza watoto walioziandika namba moja. Ukiiweka ya pili umeshaikosa. Kanuni za upokeaji za mwaka 2007 zilipiga marufuku jambo hilo. Boston, Marekani, walikuwa na utaratibu wa namna hiyo mpaka mwaka 2005, wakauacha baada ya wachumi kuonyesha kwamba unamwadhibu mzazi anayeandika ukweli wa moyo wake na kumzawadia anayejua kuucheza mchezo. Jirani alijaza fomu ya wanawe katika mchezo ule wa zamani.

Siku hizi inakwenda hivi. Tuseme umeandika shule tatu. Niziite za kubuni, Mto, Mnara na Soko, kwa mpangilio huo. Jina la mwanao linapelekwa kwa zote tatu, na hakuna hata moja inayoambiwa umeiweka ya ngapi. Kila shule inawapanga waombaji wake wote kwa vigezo vyake, wa kwanza hadi wa mwisho. Mto ina nafasi 180, mwanao ametokea wa 212. Mnara ina nafasi 240, yeye ni wa 150. Soko ina 210, yeye ni wa 35. Orodha zinarudi halmashauri. Mwanao amefuzu Mnara na Soko. Kompyuta inatazama fomu yako, inaona Mnara iko juu ya Soko, inakupa Mnara, na kile kiti cha Soko kinakwenda kwa mtoto mwingine.

Sasa ungeandika Mto peke yake. Bado angekuwa wa 212. Msimamo wako haukuongeza kiti hata kimoja. Na Mnara, ambako alikuwa na kiti chake, hawana hata habari kwamba yupo. Viti vyao vimejaa, nawe mwezi Machi unafungua barua yenye jina la shule ambayo hujawahi kuisikia. Ni sawa na mtu wa Kimara aliyeapa asubuhi kwamba hapandi gari ila la Posta, magari ya Kariakoo yakampita matupu, na la Posta lilipokuja likawa limejaa mpaka mlangoni.

Nakuambia haya bila kukucheka. Mimi mwenyewe kwa mwanangu wa kwanza niliandika mbili, nikaacha nafasi nne wazi, nikidhani anayejaza zote anaonekana hajui anachotaka. Nilipata ya pili kwa bahati tu. Wewe jaza zote sita, uzipange jinsi unavyozitaka kwa dhati. Kuweka shule ngumu kupata juu kabisa hakukupunguzii chochote kwa zile za chini.

Hivyo vigezo ni vipi? Kila shule lazima ivichapishe, na mpangilio hufanana. Watoto wenye mpango rasmi wa mahitaji maalumu, unaoitwa EHC, ulioitaja shule hiyo kwa jina hupokelewa kabla ya wote. Wanafuata walio chini ya uangalizi wa serikali, kisha, kwa shule nyingi, wenye ndugu ndani ya shule, kisha umbali. Umbali ndio unaowaamua wengi. Mara nyingi kompyuta inapima mstari ulionyooka toka nyumbani kwako hadi shuleni, na jibu linaandikwa kwa maili na desimali tatu. Wa maili 0.841 anaingia, wa 0.846 anabaki nje, na yawezekana wanakaa barabara moja: huyu upande wa kituo cha basi, yule upande wa duka la kuku wa kukaanga.

Kwa hiyo kabla hujauliza shule ipi ni nzuri, uliza hili: mwaka jana, mtoto wa mwisho kuingia kwa kigezo cha umbali alikuwa anakaa maili ngapi? Halmashauri huchapisha takwimu hizo kwenye kijitabu cha upokeaji, na shule ukizipigia simu watakwambia. Kisha pima umbali wako. Shule iliyoishia maili 0.6 nawe uko 1.4, iweke kama unaipenda, ila isikae moyoni. Iliyoishia maili 2 nawe uko 0.7, hiyo ndiyo nguzo ya fomu yako. Takwimu hubadilika kila mwaka, hivyo tafuta ya miaka miwili mitatu. Hakikisha katika sita hizo iko angalau moja ambayo uko ndani kabisa ya umbali wake, nayo iwe shule ambayo ukipewa hutalia. Mtu akijaza sita zote za ndotoni, hana tofauti kubwa na aliyejaza moja.

Hapo ndipo anwani ya rafiki yako inapovutia, na ndipo ninapokuomba uache. Anwani inayotakiwa ni ile mtoto anayolala. Nyumbani tungemaliza kwa barua ya mtendaji wa mtaa. Hapa wanalinganisha jina lako na kodi ya halmashauri, mkataba wa pango na kumbukumbu nyingine walizonazo. Nafasi iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa hata baada ya kutolewa. Niliwahi kukaa na baba mmoja aliyefutiwa wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa. Koti la sare lilikuwa limetundikwa mlangoni, nembo ya shule kifuani, na mtoto hakuwa na pa kwenda. Huko Ohio kwa wifi yako, mama mmoja wa Akron alifungwa jela mwaka 2011 kwa kutumia anwani ya baba yake ili wanawe wasome wilaya ya jirani. Alikaa siku tisa. Rafiki yako ana nia njema, lakini barua ya kufutiwa itakuja kwa jina lako.

Ukishapata shule nane au tisa zilizo ndani ya uwezo wa umbali wako, ndipo uulize uzuri. Hapa Watanzania tuna ugonjwa wetu. Tulizoea kumi bora za NECTA, baraza letu la mitihani, na hata baada ya baraza kuacha kuzitangaza mwaka 2023, akili zetu bado zinatafuta orodha. Uingereza walikuwa na la kwao: Ofsted, wakaguzi wa shule, walikuwa wakiifunga shule nzima kwa neno moja, "Outstanding" au "Good". Neno hilo moja limeondolewa tangu Septemba 2024, na kuanzia Novemba 2025 wanatoa kadi ya ripoti inayopima maeneo mbalimbali, kila eneo peke yake. Bado utaona mabango ya "Outstanding" kwenye uzio wa shule. Soma tarehe yake. Mengine yana umri mkubwa kuliko mwanao. Kipimo kingine, Progress 8, hutazama mtoto amesogea kiasi gani toka alipoingia sekondari hadi miaka 16, badala ya kuisifu shule kwa kupokea watoto waliokuwa wanajua tayari. Mimi nakiamini zaidi ya asilimia za ufaulu. Kwa bahati mbaya kina pengo, kwa sababu mitihani ya mwisho wa msingi, ambayo ndiyo mahali pa kuanzia kupima, ilifutwa mwaka 2020 na 2021 wakati wa Korona, hivyo itabidi usome matokeo ya kabla ya pengo hilo.

Halafu nenda ukaone. Septemba na Oktoba shule hufungua milango jioni kwa wazazi, na hizo jioni ni kama harusi: kila kitu kimefutwa vumbi na watoto waliochaguliwa ndio wanaokutembeza. Nenda, lakini siku nyingine ukitoka zamu ya usiku simama karibu na geti saa tisa alasiri watoto wakitoka. Tazama walimu wako wapi. Tazama mtoto mdogo wa sare mpya anapita vipi katikati ya wakubwa. Nusu saa hiyo imewahi kunibadilisha mawazo zaidi kuliko ripoti ya kurasa kumi. Na kwa kuwa mwanao alikuja mwaka jana tu, uliza waziwazi: mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili mnamsaidiaje, na mnampanga vipi kwenye makundi ya hisabati? Nimeona watoto hodari wa hesabu wakiwekwa kundi la chini kwa sababu tu swali lilikuwa na maneno mengi. Nauli isikutishe sana: London mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye kadi ya usafiri ya Zip hapandi basi kwa hela. Muda ndio gharama. Mabasi mawili asubuhi ya Januari, giza bado, ni mzigo kwa mtoto wa miaka 11.

Mawili ya haraka. Shule za grammar, zinazochuja kwa mtihani, ziko 163 England nzima, na usajili wa mtihani wake mara nyingi hufungwa kabla ya Septemba. Kama hukumsajili, mwaka huu umepita, usihangaike. Shule za dini, hasa za Kikatoliki, zikijaa hutanguliza watoto wa waumini, na huwa na fomu ya nyongeza inayorudishwa shuleni moja kwa moja pamoja na cheti cha ubatizo. Watu wengi hujaza ile ya halmashauri wakasahau hii.

Kuhusu mdogo, kuna jambo ambalo sidhani umeambiwa. Pengine unategemea aingie shule ya msingi ya kaka yake kwa kigezo cha ndugu. Kaka atakuwa ameshaondoka Julai, na kwa kawaida ndugu anahesabiwa akiwa bado yumo shuleni siku mdogo anapoanza. Kwa hiyo mdogo atapimwa kwa umbali kama mtoto mgeni. Hata akiwa anasoma nasari iliyo ndani ya shule hiyo, hana nafasi ya moja kwa moja. Fomu yake ni nyingine, mwisho wake 15 Januari, na majibu hutoka 16 Aprili.

Yapo mambo ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma jibu langu. Kama mkubwa ana shida ya kusikia, kusoma au kutulia ambayo walimu wameitaja, omba wiki hii kukaa na mwalimu wa mahitaji maalumu wa shule yake, na utafute SENDIASS ya eneo lako, huduma ya ushauri kwa wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu. Ni ya bure, na kila halmashauri inayo. Mtoto mwenye mpango wa EHC hapiti kwenye fomu hii kabisa, ana njia yake. Kama mnatarajia kuhama nyumba kabla ya Septemba, ongea na ofisi ya upokeaji ya halmashauri kabla ya kutuma, uwaulize anwani mpya wataikubali hadi tarehe ngapi na kwa karatasi gani. Lugha ikikukwaza, omba mkalimani. Wasipokuwa naye, nenda na mtu unayemwamini, lakini si mtoto.

Barua ya sekondari inatoka tarehe 1 Machi, au siku ya kazi inayofuata. Ikija na shule usiyoitaka, ikubali hata hivyo. Kukubali hakukutoi kwenye orodha ya kusubiri ya shule ulizozipenda zaidi, wala hakukunyimi rufaa. Kukataa kunakuacha mikono mitupu tu. Orodha hizo lazima ziendelee kuwepo angalau hadi 31 Desemba, na husogea sana kati ya Machi na Septemba, watu wanapohama au kwenda shule za kulipia. Rufaa unapewa angalau siku 20 za shule kuiandika, na inasikilizwa na jopo lisilo la shule. Kwa sekondari ina uzito ukieleza kwa nini shule hiyo na mtoto huyo. Kwa mdogo ni ngumu zaidi, kwa kuwa sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa darasa katika miaka mitatu ya mwanzo, na jopo haliwezi kukivunja ila kwa sababu chache. Ukifika hapo niandikie tena, unitumie na barua yenyewe.